Kauri Haikumlinda Konokono Wake, Itamlinda Mwanao?



Sifa zote njema zinamstahiki Allah (S.W.), Mola wa viumbe wote, wa nchi kavu na wa baharini. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Masahaba zake wote. Amma baad.

Ndugu zetu wazazi, na nyinyi wanafunzi wetu, leo tunataka kusema juu ya kitu kidogo kinachoenea kwenye kiganja cha mtoto. Wengine hukiita kauri, wengine kete, na wazee wa pwani wakakiita simbi. Waganda mpaka leo pesa huziita ensimbi, na jina hilo ndilo la kauri. Kitu hiki kimeingia shingoni na kiunoni mwa watoto wetu, kimefungwa kwenye vitanda vya wachanga, kimeshonwa kwenye ngozi na kuwekwa juu ya milango ya maduka. Nyumba zinazokifunga ni zetu sisi, nyumba ambazo ndani yake mna Msahafu na adhana inasikika mara tano kwa siku. Hili ndilo linalotuuma.

Yaliyotokea darasani

Tuanze na kosa letu wenyewe, maana mwenye kusema haki hana budi aanze na nafsi yake.

Siku moja alasiri tulikuwa tunasahihisha mbao za watoto. Msichana mmoja wa miaka saba aliinama kutuonyesha ubao wake, na mtandio ukateleza. Tukaona uzi mweusi shingoni mwake, na kwenye uzi huo kauri tatu. Hatukuuliza. Tuliushika ule uzi tukaukata mbele ya wenzake, tukasema kwa sauti kwamba asilete masanamu madrasa. Watoto wakacheka. Yeye hakulia. Alikusanya ubao wake, akakaa kimya mpaka tulipomaliza kipindi, kisha akaenda zake. Kesho yake hakuja. Wiki ya kwanza ikapita, na ya pili ikapita.

Tukaenda kwao kuuliza. Bibi yake alitukaribisha kwa heshima, akatuwekea kiti, naye akakaa kwenye mkeka. Tulianza kumweleza habari ya shirki kama tunavyozoea kuwaeleza watu. Alituacha tumalize. Kisha akasema: "Mwalimu, mimi nimezika wajukuu wawili. Wote walianza na homa, wote wakashikwa na degedege, wote walikufa usiku. Kwa huyu wa tatu niliambiwa kuna kinga. Sikuuliza kinga imetoka wapi. Nilitaka asife."

Hatukuwa na jawabu. Tulikuja na dalili zote mkononi, lakini hatukuwa tumeleta hata neno moja la kumfariji mama aliyezika mara mbili.

Tukiwa bado tumekaa tukasikia mtoto akikoroma kwenye chumba cha ndani. Alikuwa mdogo wake yule msichana, hajatimiza miaka mitatu, anachemka homa siku ya pili. Mkononi alikuwa amefungwa kauri moja mpya. Bibi alituambia kwamba aliyemfunga alitoza kuku wawili na shilingi elfu hamsini, na aliagiza mtoto asitolewe nje ya nyumba mpaka siku ya tatu ipite, la sivyo kinga itavunjika.

Tulimwomba bibi, na safari hii tulimwomba kweli, bila kumwamuru. Alikubali. Tukapanda bodaboda na mtoto mpaka kituo cha afya cha serikali. Wakamtoboa kidole, kipimo kikaonyesha malaria, na muuguzi akatuambia kwamba kwa hali ile ni vizuri hatukungoja asubuhi. Alipotafuta mshipa wa kumwekea dawa, ule uzi wa kauri ulikuwa unamzuia. Bibi mwenyewe aliufungua, akaufunga kwenye pindo la kanga yake. Mtoto alipona kwa idhini ya Allah. Alilala pale siku tatu, na kipimo na dawa hatukuvilipia hata senti.

Fikirini, ndugu zetu. Uzi ule haukumdhuru mtoto kwa ugumu wake, wala kauri haina sumu. Kilichokaribia kumuua ni zile siku tatu za kungoja. Tangu siku hiyo ndipo tulipoamua kuichunguza hii kauri, tukijiuliza ni kitu gani hasa, imetoka wapi, na nani aliipa kazi ya ulinzi.

Kauri ni nini?

Kauri ni nyumba ya konokono wa baharini. Wataalamu wa viumbe wana jina la Kilatini la yule mdogo wa manjano, Monetaria moneta, na neno hilo moneta alipewa na Mswidi Linnaeus mwaka 1758. Maana yake inahusu pesa, kwa sababu hata wakati huo alijulikana kwa kazi hiyo. Ana ndugu yake wa karibu mwenye duara la rangi ya dhahabu mgongoni, Monetaria annulus. Wote wawili wanaishi katika Bahari ya Hindi na Bahari ya Pasifiki, na wanapatikana katika pwani yetu ya Afrika Mashariki. Hujificha chini ya mawe na matumbawe, mahali ambapo maji yakipwa mtu anaweza kufika kwa miguu. Chakula chao ni mwani mwembamba unaoota juu ya mawe.

Tazameni uumbaji wa Allah. Konokono huyu akiwa hai, nyama yake laini hutoka pande zote mbili na kulifunika gamba lake kama mtu aliyejifunika shuka. Nyama hiyo ndiyo inayolilinda gamba na kulilisha, na ndiyo maana linang'aa bila kupakwa mafuta. Akiwa mdogo, mdomo wa gamba lake ni mwembamba na mkali. Akikomaa, mdomo huo hukunjika kuingia ndani na kuota vile vimeno tunavyoviona. Jike likitaga hukaa juu ya mayai yake kuyalinda. Ni kiumbe dhaifu asiye na mfupa, na Mola wake amemjengea nyumba ambayo fundi yeyote wa mjini hawezi kuijenga.

Lakini nyumba hiyo, pamoja na ugumu wake wote, haimlindi mwenyewe siku yake ikifika. Pweza humla. Mvuvi anaponyanyua jiwe humchukua. Kwa kawaida huwekwa juani au kufukiwa mchangani mpaka nyama ioze, kisha gamba huoshwa na kutobolewa. Kwa hiyo kauri unayoiona shingoni mwa mtoto ni nyumba ya marehemu. Mwenye nyumba alikuwa ndani yake, ameifunika kwa mwili wake mwenyewe, na haikumfaa. Sasa imetobolewa, imefungwa kwa uzi wa dukani, halafu tunaambiwa itamzuia jini na itarudisha homa!

Tulifanya jambo dogo darasani, na mzazi yeyote anaweza kulifanya jikoni kwake. Tulichukua kauri moja tukaitia kwenye kikombe cha siki mbele ya watoto. Mara ile ile ikaanza kutoa mapovu, kwa sababu gamba lile ni chokaa, na siki huila chokaa. Tuliiacha siku kadhaa. Ilipotolewa, ule mng'aro ulikuwa umekwisha na uso wake umekwaruka. Mtoto mmoja akauliza, "Mwalimu, sasa hiyo ingemlinda nani?" Tukamwambia amefahamu somo. Nabii Ibrahim (A.S.) aliwauliza watu wake kuhusu waliyoyaabudu, kama yanawasikia wanapoyaita, au yanawafaa, au yanawadhuru. Habari hiyo imo katika Suratu Shu'araa, aya ya 72 na 73. Swali hilo bado linafaa kuulizwa hata mbele ya kikombe cha siki.

Kauri ilipokuwa pesa

Wapo wanaosema: "Kitu hiki kina nguvu, ndiyo maana wazee walikithamini." Hapa inabidi tusome historia, kwa sababu thamani ya kauri ilikuwa na sababu, na sababu hiyo haikuwa uganga.

Kauri ilikuwa pesa. Ni ndogo, ni ngumu, haiozi, inahesabika, na hakuna aliyeweza kuighushi. Msafiri wetu maarufu Ibn Battuta, aliyekuwa kadhi katika visiwa vya Maldivi miaka ya 1343 na 1344, ameeleza jinsi watu wa huko walivyomtoa konokono huyu baharini na kumfukia ufukoni mpaka nyama iishe na gamba jeupe libaki. Walizihesabu kwa mamia na malaki, na walizipeleka Bengali kubadilishana na mchele. Amesema huko Maldivi dinari moja ya dhahabu ilinunua kauri laki nne, na pengine zikiwa rahisi hata laki kumi na zaidi. Miaka michache baadaye alisafiri mpaka Mali na Gao, Afrika Magharibi, na huko akakuta dinari moja inabadilishwa kwa kauri 1,150 tu.

Zingatieni hapo. Gamba ni lile lile na konokono ni yule yule. Kilichoongeza thamani yake ni umbali wa safari na makubaliano ya watu. Kama ingekuwa na nguvu ndani yake, nguvu hiyo ingekuwa sawa Maldivi na Mali.

Kisha ikaja khabari mbaya zaidi. Katika karne ya 17 na ya 18 makampuni ya Wazungu yalibeba kauri za Maldivi kwa mabilioni, yakazizungusha mpaka Ulaya na kuzishusha katika pwani ya Afrika Magharibi, na sehemu kubwa ya kazi yake ilikuwa kununulia watu. Wanaadamu, watoto wa Adam aliyetukuzwa na Mola wake, walipimiwa bei kwa magamba ya konokono. Nchi walizotoka ni nchi ambazo watu walijipamba kwa kauri na kupigia ramli kwa kauri. Basi semeni, kama kauri inalinda, mbona haikuwalinda watu hao? Na kama inaleta bahati, bahati hiyo ilikwenda kwa nani?

Karne ya 19 zamu ikafika kwetu. Kuanzia miaka ya 1840 wafanyabiashara wa Hamburg, miongoni mwao kampuni ya O'Swald, walikuja Zanzibar kununua ile kauri ya duara la dhahabu, wakaipeleka Afrika Magharibi kwa shehena za meli. Walizimwaga nyingi mno mpaka zikaporomoka bei, na mtu aliyeweka akiba yake kwa kauri akajikuta ana gunia la magamba.

Hapa Uganda nako kauri zilifika kwa njia za biashara zilizotoka pwani. Tunasoma kwamba mwaka 1844 Ahmed bin Ibrahim alifika katika baraza la Kabaka Suuna na kumsikilizisha maneno ya Allah. Misafara ya zama hizo ilibeba nguo, shanga, bunduki na kauri, na ilibeba pia watu wanaojua Qur'ani. Njia moja ilituletea Kitabu na ikatuletea gamba. Inatusikitisha kwamba baada ya miaka mia na themanini na zaidi, wako miongoni mwetu wanaoweka Kitabu juu ya kabati kikapata vumbi, na gamba wakalifunga shingoni mwa mtoto.

Mwanzoni mwa karne ya 20 serikali ya kikoloni ilikataa kupokea kauri kwa kodi, ikataka rupia. Ilikuwa amri ya karatasi tu. Hakuna konokono aliyebadilika baharini siku hiyo, lakini tajiri wa kauri alilala na mali akaamka hana kitu. Kitu ambacho afisa mmoja mwenye kalamu alikivua thamani yake yote, leo tunaambiwa kina uwezo wa kuzuia qadari ya Allah!

Dini inasemaje?

Tusije tukafahamika vibaya. Hatusemi kwamba kauri ni haramu kuiona, kuishika au kuiweka sebuleni. Allah (S.W.) katika Suratu Nahl, aya ya 14, ametukumbusha neema ya bahari, kwamba tunapata humo nyama laini na tunatoa humo mapambo ya kuvaa. Mwanamke akivaa mkufu wa magamba kwa pambo tu, katika mipaka ya sheria, hilo si suala letu leo. Na watoto wakichezea kete za bao, vile vile hatuna maneno nao.

Tunalosema ni juu ya itikadi. Gamba limefungwa ili lizuie jicho, lirudishe jini, lilete mteja au litibu homa. Hapo limetoka kwenye pambo likaingia kwenye tamima, na hapa Mtume wetu (S.A.W.) hakutuachia nafasi ya kubabaisha. Imam Ahmad amepokea kutoka kwa Sahaba Uqba bin Aamir (R.A.) riwaya yenye maana kwamba mwenye kutundika tamima Allah asimtimizie jambo lake, na mwenye kutundika wada'a Allah asimpe utulivu. Na hiyo wada'a, ndugu zetu, kwa Kiarabu ndiyo hii hii kauri. Imetajwa kwa jina lake!

Wapo wanazuoni walioijadili sanad ya riwaya hiyo, nasi hatufichi. Lakini kutoka kwa Uqba huyo huyo imepokewa pia habari ya watu kumi waliokuja kwa Mtume (S.A.W.). Akapokea ba'ia ya tisa na akamzuia mmoja. Walipouliza sababu, akawaeleza kwamba mtu huyo ana tamima mwilini. Ilipokatwa, akaipokea ba'ia yake, na akabainisha kwamba kutundika tamima ni katika shirki. Hapo hapana pa kukimbilia.

Wengine hawaifungi kauri bali wanaiuliza. Mganga huitupa kwenye mkeka, akatazama ngapi zimelala kifudifudi na ngapi chali, kisha akamwambia mtu nani kamroga. Allah (S.W.) ameitaja mishale ya kupigia ramli katika Suratul Maida, aya ya 90, pamoja na ulevi na kamari, akaiita uchafu katika kazi ya shetani. Na Imam Muslim amepokea kwamba mwenye kumwendea mpiga ramli na kumuuliza jambo, Swala yake haikubaliwi masiku arubaini. Mbali na akhera, tazameni madhara yake hapa duniani. Ni familia ngapi zimekatana udugu kwa sababu gamba moja liliangukia mgongo, na mganga akasema "adui yako ni mtu wa karibu, mwanamke, mweusi wa rangi"? Hapa kwetu nani asiyekuwa na shangazi wa namna hiyo?

Hoja tunazozisikia

"Ni mila ya wazee wetu." Wazee wetu tunawapenda na tunawaombea maghfira. Lakini mila hupimwa kwa Kitabu na Sunna. Ile inayokubaliana navyo tunaibeba kichwani, na ile inayopingana navyo tunaiacha kwa adabu bila kuwatukana waliotutangulia.

"Mimi nilifungwa utotoni na sikufa." Alhamdulillahi. Lakini wale waliofungwa wakafa hawapo hapa kuja kutoa ushahidi. Wajukuu wawili wa yule bibi nao walifungwa, na hilo hatukulijua mpaka tulipokaa naye mara ya pili.

"Mganga wetu ni Muislamu, anasoma Bismillahi kwanza." Bismillahi haihalalishi kila kinachofuata baada yake. Mtu akisoma Bismillahi kisha akanywa pombe, je, pombe hiyo imekuwa maji?

"Hospitali nazo zinashindwa." Ni kweli. Dawa mara nyingine huisha, muuguzi mara nyingine hukaripia, na kituo mara nyingine kiko mbali. Hilo ni la kuwadai viongozi wetu, na tuwadai kwa sauti. Lakini dawa iliyokosekana leo haiifanyi kauri kuwa dawa.

"Hata hospitali mtu anategemea kitu kisichokuwa Allah." Hapana. Mtume (S.A.W.) ametuamrisha tujitibu, na akatufahamisha kwamba Allah hakuteremsha ugonjwa ila ameuteremshia na dawa. Dawa ya malaria ni sababu iliyojaribiwa na kuonekana kazi yake, na anayeponya ni Allah. Kauri si sababu, kwa sheria wala kwa uzoefu.

Na sisi walimu je?

Sasa tugeukie upande wetu, maana hapa ndipo wengi wetu hatupendi kugeukia.

Tunawasema akina bibi kwa kauri zao, ilhali wako miongoni mwetu wenye vilemba na majoho wanaoandika karatasi, wakazishona kwenye ngozi na kuziuza kwa bei kuliko kauri. Tunajua kwamba wanazuoni wa mwanzo walikhitilafiana juu ya kutundika aya za Qur'ani tupu. Wapo walioruhusu kwa masharti, na wapo waliokataza kama ilivyopokewa kwa Ibn Mas'ud (R.A.) na wanafunzi wake. Hatutamaliza khilafu hiyo leo. Lakini je, kuna mwanazuoni hata mmoja kati ya hao aliyeruhusu michoro isiyosomeka, majina yasiyojulikana, na agizo la kwamba mtoto asipelekwe hospitali? Muuza kauri na muuza karatasi hizo wana soko moja, nalo ni hofu ya mama mwenye mtoto mgonjwa.

Na kosa letu la pili ni ukali. Mtume (S.A.W.) alimzuia yule mtu wa kumi, lakini hakumcheka wala hakuwachekesha watu juu yake. Aliulizwa, akaeleza, jambo likatengenezwa, na mtu yule akapokewa siku ile ile. Sisi tulikata uzi wa mtoto wa miaka saba ambaye hakuufunga yeye, tukamwacha aende nyumbani na aibu. Karibu tumpoteze madrasa moja kwa moja, na tungempoteza tukidhani tumeinusuru tauhidi. Tulimwomba radhi mbele ya wale wale waliocheka. Tunawaomba walimu wenzetu wasirudie tuliyoyafanya.

Basi tufanye nini?

Kwanza, mtoto mwenye homa apelekwe kupimwa siku ile ile. Degedege si jini la ndege kama wanavyosema. Mara nyingi ni homa kali, na malaria ikipanda kichwani huua kwa muda mfupi. Katika vituo vya serikali hapa Uganda kipimo na dawa ya malaria hutolewa bure zinapokuwapo. Tangu mwaka 2025 nchi imeanza pia kuwapa watoto wachanga chanjo ya malaria. Mama auulize mtaa wake zamu yao ni lini, na chandarua kilalwe, kisifanywe pazia wala wavu wa kuku.

Pili, mpe mtoto kinga ambayo Mtume (S.A.W.) mwenyewe aliwapa wajukuu zake Hasan na Husein (R.A.). Imepokewa na Bukhari kwamba alikuwa akiwaombea hifadhi kwa maneno ya Allah yaliyotimia. Suratul Falaq, Suratu Naas na Ayatul Kursiy hazihitaji kuku wala shilingi elfu hamsini. Baba au mama aweke mkono kwa mtoto wake asome mwenyewe. Mwenye kusoma Yasin nzima msibani, vipi atashindwa sura fupi mbili kitandani kwa mwanawe?

Tatu, ukimkuta mzee ana kauri, kaa naye kwanza. Muulize ni nani aliyemzika. Msikilize mpaka mwisho. Kisha mweleze habari ya konokono huyu na ya wale watu kumi, na umwachie aifungue kwa mkono wake, kwa maana uzi unaofunguliwa na mwenyewe haurudi tena.

Nne, enyi wanafunzi wetu, someni elimu ya viumbe kwa bidii kama mnavyosoma tajwidi. Anayejua jinsi gamba linavyojengwa hawezi kudanganywa na muuza gamba.

Yule msichana amerudi, na sasa yuko juzuu ya pili. Bibi yake alituletea zile kauri zote, tatu za kwanza na ile moja ya mdogo wake, akatuuliza azitupe wapi. Tukamwambia tunazihitaji. Moja ndiyo ile tuliyoitia kwenye siki. Tatu zilizobaki ziko kwenye bakuli juu ya meza ya darasa, na kila tunapofika kwenye aya zinazotaja bahari, watoto huzishika, wakahesabu vile vimeno na kusema Subhaanallah. Hiyo ndiyo kazi inayomstahiki kiumbe wa Allah, kumkumbusha mja juu ya Aliyemuumba.

Tunamuomba Allah (S.W.) azihifadhi nyumba zetu na shirki kubwa na ndogo, awaponye watoto wetu wagonjwa, awarehemu wale waliotangulia, atusamehe sisi walimu kwa ukali wetu, na atujaalie ulimi wa upole na moyo wa yakini. Aamin.

Wabillaahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullaahi wabarakaatuh.